Kituo kizuri cha kulelea watoto mchana: namna ya kukiendesha siku hadi siku

Mzazi anayetafuta dei kea huangalia geti, michoro ya ukutani, bembea na sare. Mwenye kituo anatakiwa kuangalia kingine. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ananyoosha kidole kumwonyesha kunguru juu ya ukuta. Je, kuna mtu mzima aliyemwona, akageuka, akamjibu, "Eeh, kunguru huyo! Kabeba nini mdomoni?" Majibizano ya namna hiyo yakitokea siku nzima, mtoto anajifunza. Yasipotokea, pale ni mahali pa kuhifadhi watoto tu, hata pakiwa na marumaru mpaka getini.

Mwongozo huu ni wa vituo vinavyopokea watoto wa miezi 6 hadi miaka 4, hasa vya mijini Tanzania, vile vya chumba kimoja au viwili vilivyoanzishwa nyumbani au kwenye nyumba ya kupanga.

Piga hesabu kabla ya kutangaza nafasi

Vituo vingi huharibikia hapa. Ada ni ndogo, kodi ya nyumba ni kubwa, kwa hiyo mwenye kituo anaongeza watoto. Mlezi mmoja akishakuwa na watoto 20, hata awe na moyo wa dhahabu, siku yake yote ni kufuta pua, kutenganisha ugomvi na kupaza sauti. Hana nafasi ya kumjibu yule mtoto aliyeonyesha kunguru.

Anza na viwango hivi:

- Chini ya mwaka 1: mlezi mmoja kwa watoto 3.
- Mwaka 1 hadi 2: mlezi mmoja kwa watoto 4.
- Miaka 2 hadi 3: mlezi mmoja kwa watoto 8.
- Miaka 3 hadi 4: mlezi mmoja kwa watoto 12.

Hivi ni viwango tunavyovipendekeza. Afisa ustawi wa jamii atakueleza vya kanuni, nawe ufuate kile kilicho kikali zaidi. Mpishi hahesabiwi. Mwenye kituo anayetoka kwenda benki na sokoni naye hahesabiwi. Na usiwe na mtu mzima mmoja tu kituoni wakati wowote, hata kama watoto ni watatu: mmoja akiumia, nani anamkimbiza zahanati na nani anabaki na wenzake?

Halafu pima chumba. Mtoto apate angalau mita 2 za mraba za sakafu tupu, baada ya kuondoa kabati na meza. Chumba kitupu cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, kwa hiyo kinatosha watoto 10, wala si 25. Ukiona watoto wa mwaka mmoja wanang'atana sana, kabla hujamlaumu yeyote, rudi kwenye hesabu hii.

Hatua ya mwisho ya hesabu ni kumpa kila mtoto mlezi wake. Wote watamsaidia, lakini mmoja ndiye anayempokea asubuhi, anayemlisha, anayembadilisha nepi na anayezungumza na mama yake jioni. Mtoto mdogo hatulii mikononi mwa watu wanaobadilika kila wiki. Ndiyo maana mshahara wa mlezi ni sehemu ya ubora: anayelipwa kidogo huondoka baada ya miezi miwili, na mtoto anaanza kulia upya.

Usajili

Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Shule ya awali ni jambo jingine, hiyo iko upande wa elimu. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na umwite afisa afya wa kata aone choo, maji na jiko kabla hujalipa fundi rangi. Kuvunja ukuta baada ya ukaguzi ni gharama mara mbili.

Mlango wa asubuhi

Kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, mlezi asimame mlangoni akiwa hana kazi nyingine. Afanye haya kwa mpangilio:

1. Ainame hadi usawa wa macho ya mtoto, amsalimie kwa jina lake kabla ya kumsalimia mzazi.
2. Amwangalie: macho, pua, ngozi, namna anavyopumua. Amguse shingo kwa nyuma ya kiganja.
3. Amuulize mzazi maswali matatu: kalalaje, kala nini, kuna dawa aliyopewa?
4. Aandike saa ya kufika na jina la atakayemchukua jioni.

Mtoto mwenye homa, anayeharisha, anayetapika, mwenye vipele asivyojulikana asili yake au anayepumua kwa shida arudi na mzazi aende kituo cha afya. Mafua mepesi peke yake si sababu ya kumrudisha. Kwa homa, usikubali panado na "nitampeleka kesho": apimwe malaria siku hiyohiyo. Dawa yoyote inayoachwa kituoni iwe ya daktari, iwe na jina la mtoto, na mzazi aandike kwa mkono wake kiasi na saa.

Siku ya kwanza kabisa, dai kadi ya kliniki na uisome. Mtoto wa miezi 9 awe amepata chanjo ya kwanza ya surua na rubela, na wa miezi 18 awe amepata ya pili. Ugonjwa wa surua ukiingia kwenye chumba chenye watoto wasiochanjwa huwashika karibu wote.

Mtoto mgeni usimpokee siku nzima. Siku ya kwanza akae saa moja pamoja na mama au bibi. Siku ya pili mama atoke kwa dakika 20. Siku ya tatu hadi ya tano ongeza muda polepole. Mama aage waziwazi: "Mama anaenda kazini, utakula, utalala, halafu nitakuja." Kutoroka kwa mlango wa nyuma mtoto akiwa anachezea mpira ni kosa kubwa. Akigeuka asimwone, atajifunza kwamba ukiacha kumkodolea mama macho anapotea, na wiki nzima hatacheza. Aje na kanga ya mama ambayo haijafuliwa. Harufu yake hutuliza kuliko toi yoyote.

Mikono, nepi na choo

Tumbo la kuhara husambaa dei kea kwa njia moja kuu: mkono wa mlezi uliotoka kwenye nepi ukaenda kwenye bakuli. Kama maji ya bomba yanakatika, tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, toboa kwa msumari uliopashwa moto upande usio na mkono wa kushikia, kama sentimita 12 chini ya mfuniko. Lining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, funga kamba shingoni, na upande wa chini wa kamba ufunge kijiti cha kukanyagia. Weka viwili: kimoja cha watu wazima na kimoja ambacho tundu lake liko usawa wa kifua cha mtoto wa miaka 3. Sabuni ya kipande itie ndani ya soksi safi uifunge hapohapo, vinginevyo itaishia mchangani. Kunawa ni sekunde 20, kwa sabuni, na maji yanayotiririka. Beseni moja la kunawia watoto kumi ni kuwagawia uchafu.

Kubadilisha nepi kufanyike chini, kwenye godoro dogo lenye mpira unaofutika. Meza ndefu huangusha watoto. Andaa kila kitu kabla ya kumlaza: nepi, kitambaa, maji vuguvugu, ndoo yenye mfuniko. Msichana afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, vinginevyo utampa maambukizi ya njia ya mkojo. Ukimaliza, mnawishe mtoto mikono, futa mpira kwa dawa, kisha nawa wewe.

Hapa hapa ndipo somo lilipo. Mtoto hubadilishwa mara nne au tano kwa siku, na kila mara anapata dakika tatu za mtu mzima peke yake. Mlezi anayefanya kazi hiyo huku akiongea na mwenzake anatupa dakika kumi na tano. Mwingine anasema, "Nakuvua suruali. Mguu huu umetoka. Na mwingine uko wapi? Uko wapiii?" Anasubiri. Mtoto anapiga mguu hewani. "Huu hapa! Haya, nyanyua." Huyo wa miezi minane kashiriki mazungumzo, kajifunza mguu, kajifunza zamu, na hakulia.

Dawa ya klorini: bidhaa nyingi za madukani ni asilimia 3.5, lakini soma lebo. Kwa damu, matapishi na kinyesi, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Kwa meza, midoli na mpira wa nepi vilivyokwisha kuoshwa kwa sabuni, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji. Changanya upya kila asubuhi, kwa sababu jua na joto huiua nguvu. Isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo, na ikae juu, ndani ya kabati lenye kufuli.

Ndoo za maji zifunikwe wakati wote. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito. Akiinama ndani ya ndoo hawezi kujiinua, na sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha. Hatapiga kelele.

Uji na chakula

Kwenye uji tunaomba msomaji atuvumilie, maana kuna mazoea yanayohitaji kuvunjwa. "Unga wa lishe" wa nafaka nane, soya, karanga na dagaa vikisagwa pamoja huonekana ni wa kitajiri. Kwanza, soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini, na dakika kumi za uji hazitoshi kuviondoa. Pili, unga wenye karanga huchacha haraka. La tatu ndilo zito: karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hushika ukungu unaotoa sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka ikiwa nzima unaweza kuchambua punje zilizooza na zilizokunjamana. Ikishasagwa na vingine saba, huoni chochote.

Fanya hivi: tumia nafaka moja au mbili, mahindi au ulezi, uchambue mwenyewe, usage kiasi cha wiki mbili. Protini iongeze kwenye sufuria: maziwa, au karanga ulizochambua, ukakaanga na kutwanga siku hiyohiyo. Yai mpe kando. Uji uwe mzito wa kudondoka kwenye kijiko kwa matone mazito. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba takriban mililita 240 kwa mlo. Ukimjaza maji ya uji mwepesi ameshiba bila kula.

Chakula cha saa 6 mchana kwa watoto 10 wa miaka 2 hadi 4, kama mahali pa kuanzia: mchele gramu 700, maharage makavu gramu 300, mchicha au mboga nyingine gramu 400, mafuta mililita 50, na tunda. Mara tatu kwa wiki ongeza mayai, dagaa au samaki asiye na miba. Pima mabaki wiki nzima kisha urekebishe. Chai ya rangi isiandamane na mlo; inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage.

Kila mtoto awe na bakuli lake. Sinia moja huficha yule asiyekula, na utakuja kumgundua kwenye mzani. Kila mwezi pima mkono kwa utepe wa MUAC, ule wa rangi tatu wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu: sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, zungumza na mzazi na umpeleke kliniki. Chini ya 11.5 ni nyekundu, aende kituo cha afya leo.

Kulisha ni uso kwa uso, mlezi akiwa amekaa. Mtoto akigeuza kichwa, ngoja, zungumza naye, jaribu tena. Akigeuza mara ya tatu ameshiba au anaumwa. Kumlaza chali na kumbana pua ili ameze ni hatari: uji huingia kwenye mapafu. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yaandikwe jina na saa, yakae kwenye friji au boksi lenye barafu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Nje ya baridi yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na kwa joto la Dar es Salaam au Tanga, pungufu ya hapo.

Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vya muwa wasipewe watoto. Zabibu na nyanya ndogo zikatwe vipande vinne kwa urefu. Mtoto akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia: mwinamishe, kichwa kikiwa chini ya kifua, mpige mara 5 kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Ikishindikana, aliye chini ya mwaka mmoja mgeuze chali, umkandamize kifua kwa vidole viwili mara 5. Aliyezidi mwaka mmoja msimamie nyuma, umkaze tumbo juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5. Rudia. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Kila mlezi afanye zoezi hili kwa mdoli kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu siku ya siku hakuna wa kusoma karatasi.

Usingizi

Saa 7 mchana. Watoto wachanga walale chali, kwenye godoro gumu, bila mto. Kila mmoja na shuka lake. Jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba wala kwenye korido yake, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake usioonekana huua waliolala. Mlezi mmoja abaki chumbani, akiangalia vifua kila baada ya dakika kumi.

Kujifunza kabla ya daftari

Wazazi wengi watakuuliza mtoto wa miaka mitatu ameandika nini. Wanalipa, wana haki ya kuuliza, na jibu lako lisiwe kumshikisha penseli ili jioni daftari lionekane. Mkono wa miaka mitatu bado hauna misuli ya kuandika a e i o u. Misuli hiyo hujengwa kwa kufinyanga udongo, kukamua kitambaa chenye maji, kumenya ndizi, kuchambua mchele na mama. Waonyeshe wazazi hilo kwa macho, waalike Jumamosi moja wacheze na watoto wao, wataelewa kuliko barua kumi.

Kazi kubwa ni lugha. Mlezi azungumze lugha anayoimudu sana, na kwa wengi ni Kiswahili. Mtoto anayefundishwa kwa Kiingereza cha "sit down" na "stand up" anapata maneno ishirini ya kuamrishwa, huku akinyimwa maelfu ya kuelezea, kuuliza na kukataa. Wafundishe walezi mambo matatu: kutaja kile mtoto anachokiangalia, kuongeza neno moja juu ya alichosema ("Gari." "Eeh, gari jekundu."), na kuuliza kisha kukaa kimya hadi wahesabu tano moyoni. Hiyo kimya ndiyo ngumu. Mtu mzima huijaza upesi, na mtoto aliyekuwa karibu kujibu anaacha.

Vifaa havihitaji duka. Makopo ya ukubwa tofauti, vifuu, magunzi, vijiti, vitambaa, mchanga uliochekechwa, maji. Toboa kopo moja chini tundu moja, la pili matundu matano, la tatu usitoboe. Waache watoto wa miaka miwili na nusu kwenye beseni la maji wakiwa wanaangaliwa, na utamwona mmoja amelijaza lile lisilo na tundu, amelinyanyua juu ya kichwa, anangoja manyunyu yasiyokuja. Analichungulia chini. Hapo mlezi asogee na kuuliza tu, "Mbona hili halimwagi?" Asimpe jibu.

Kwa walio chini ya miaka 3, kifaa chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha boksi cha katikati ya toilet pepa ni kidogo mno, kitaingia kooni. Vizibo vya soda, ambavyo kila kituo kinavyo kwa ajili ya kuhesabia, vinapita. Wawekee wakubwa.

Hadithi iwe kila siku, na ileile irudiwe wiki nzima. Siku ya Jumatatu mlezi anasimulia; Alhamisi watoto wanadakia maneno kabla yake; Ijumaa mmoja anaisimulia mwenyewe. Ukibadilisha hadithi kila siku hawafiki Ijumaa hiyo. Hesabu zipo kwenye kugawa mabakuli: "Tuko saba, mabakuli matano. Nani hana?"

Wacheze nje asubuhi na jioni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, na televisheni isiwepo kabisa kwa walio chini ya miaka 2. Katuni zinazowashwa saa 3 asubuhi ili walezi wapumue ni dalili kwamba walezi ni wachache.

Andika pia unachokiona. Mtoto ambaye miezi 9 haketi bila kushikiliwa, miezi 18 hatembei, au miaka 2 haunganishi maneno mawili, mwambie mzazi kwa faragha na umwelekeze kliniki. Usimwambie "atachelewa tu, wa kiume hao." Mtoto mwenye ulemavu apokelewe, na idadi ya watoto wa mlezi wake ipunguzwe.

Kung'ata, kupiga, kulia

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anang'ata kwa sababu meno yanauma, amebanwa, amesubiri chakula mno, au hana neno la kusema "hiki changu." Mwendee aliyeng'atwa kwanza, muoshe kwa sabuni. Kisha mwambie aliyeng'ata, kwa ufupi na uso makini: "Hapana. Kung'ata kunauma." Mpe neno: "Sema, nipe." Andika saa na mahali. Baada ya siku nne daftari litakuonyesha kwamba ni saa 5 na nusu kila siku, kabla ya chakula, kwenye kona ileile. Wahisha chakula kwa nusu saa, fungua kona. Fimbo, kufinya, kumfungia chooni na kumtisha kwa polisi au jini visikubalike hata mara moja, na mlezi mpya aambiwe hivyo kabla ya kusaini mkataba.

Ulinzi na saa ya kuchukuliwa

Mlango wa chumba cha nepi na choo ukae wazi, mtu mwingine aweze kuona. Anayeajiriwa awe na barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili uliowapigia simu kweli. Mtoto akisema jambo la kushtua au akiwa na alama zisizoelezeka, usimhoji mara kumi. Andika maneno yake yalivyo, umjulishe afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 hupigwa bure.

Jioni mtoto atolewe kwa mtu aliyeandikwa asubuhi tu. Bodaboda wa kila siku, jirani, hata mjomba anayejulikana: kama hakuandikwa, mpigie mzazi kwa namba iliyo kwenye faili, wala si ile anayokupa aliye mlangoni. Atakasirika, mwache akasirike. Mlezi amwambie mzazi mambo mawili: la mwili (kala, kalala, kajisaidia mara ngapi) na moja alilofanya mtoto leo, mahususi kwa mtoto huyo. "Leo Amani kapanga makopo sita hayajaanguka" ni taarifa. "Alikuwa vizuri tu" humwambia mama kwamba hakuna aliyemwangalia.

Mara moja kwa mwezi, mwenye kituo achukue kiti, akae kwenye kona kwa dakika 20 bila kuongea, na daftari mkononi. Achague mtoto mmoja, hasa yule mtulivu asiyesumbua. Apige mstari kila mtu mzima anapomsemesha, na alama ya tofauti pale anaposubiriwa ajibu. Maneno ya amri, kama "kaa", "acha", "njoo", ayaandike upande wake. Kisha afanye hivyo kwa mtoto wa pili. Daftari hilo alisome pamoja na walezi jioni hiyohiyo, watoto wakishaondoka, wakiwa wamekaa chini kwenye mkeka.